Dada Yangu Alisoma Akikaa Kwangu

Watu hununua manukato yenye mlangilangi ndani yake, wakajipaka nyuma ya masikio, wakasema hiyo ndiyo harufu ya peponi. Hawajakaa karibu na mtambo. Mimi nimezaliwa Patsy, kisiwani Dzuani, juu ya mji wa Mutsamudu, katika nyumba ya makuti iliyokuwa jirani na mahali maua yanapopikwa, na nakwambia harufu ile ikizidi inaumiza kichwa na kukata hamu ya chakula. Ni tamu, sawa, lakini tamu iliyochanganyika na moshi wa kuni mbichi, na maua yaliyolowa mvuke mpaka yakawa kama kisamvu kilichosahauliwa chunguni, na jasho la wanaume wanaochochea moto. Mama alichuma alfajiri, kabla jua halijakausha umande, na akirudi nyumbani hata tui alilokamua kwa mikono ile lilinuka mlangilangi. Baba alichochea moto. Bendera iliyopepea kwenye ofisi ya kampuni ilikuwa ya Wafaransa, na sisi tulikuwa watu wa shamba, ambao watu wa mjini, wenye nyumba zao za mawe na milango ya nakshi, walituita kwa jina nisiloliandika hapa kwa sababu wajukuu wao leo ni majirani zangu na tunapeana chumvi.

Dada yangu Zaliha, aliyenizidi kwa miaka sita, ndiye mtu pekee niliyemjua aliyependa kukaa mbele ya mtambo ule bila kulipwa. Mvuke ulitoka kwenye pipa la maua, ukapita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na mwisho wa bomba ukadondoka kama maji ya kawaida ndani ya chombo cha shaba. Hapo ndipo alipokaa Zaliha, magoti yamekutana na kidevu, akiangalia mafuta yakijitenga na maji na kupanda juu polepole. Mafuta ya kwanza yalikuwa mepesi na yalithaminiwa kuliko yote. Yaliyofuata yalikuwa mazito, na ya mwisho kabisa yalikuwa ya kutengenezea sabuni. Zaliha alitaka kujua kwa nini, na maua ni yale yale. Baba akamwambia, "Kwa sababu ndivyo Mungu alivyoyaumba." Zaliha akasema, "Hilo najua, baba. Nauliza alifanyaje." Baba akacheka mpaka akaacha moto ushuke, na msimamizi akamfokea. Mimi sikuona cha kuchekesha wala cha kuuliza. Nilikuwa na njaa, na kichwa kiliniuma.

Kwenye shule ya kati ya Mutsamudu palikuwa na mwalimu mwanamke kutoka kisiwa kikubwa cha Bukini, Bi Voahangy, mfupi, mwenye miwani na sauti ya kiongozi wa mabaharia. Yeye ndiye aliyefundisha sayansi. Alhamisi shule zilifungwa, ndivyo Wafaransa walivyopanga, na watoto wa wenye nyumba za mawe walikwenda kuogelea. Bi Voahangy aliwakusanya barazani kwake wale ambao hakuna aliyetarajia wafike popote: wasichana wachache waliokuwa bado hawajafungiwa ndani, na watoto wa mashamba walioteremka kwa miguu. Hakuwa na vifaa. Aliwaambia walete walichonacho jikoni, nao wakaleta chumvi, ndimu, majivu, mafuta ya nazi, yai. Yai likazama kwenye maji matupu, likaelea kwenye maji ya chumvi, na Zaliha akarudi Patsy akatulazimisha sote kuliangalia, mpaka Koko, bibi yetu mzaa mama, akasema, "Limeelea, tumeliona. Sasa tulile." Wavulana wa mjini walipita pale barazani wakiimba kwamba wachuma maua wanafundishwa kuchemsha maji. Bi Voahangy aliwaacha wamalize, kisha akawaambia wanafunzi wake, "Ninyi mmekulia ndani ya maabara. Wale wamekulia sebuleni. Tuendelee."

Mwaka Zaliha alipomaliza shule ya kati, mwalimu huyo alipanda Patsy mwenyewe, viatu vimejaa tope, akakaa mkekani kwetu na kula ndizi za nazi kwa mkono kama sisi. Alichosema kilikuwa kifupi. Zaliha anaweza sayansi. Sayansi ya juu inasomwa Moroni, kwenye shule kubwa, na kwingine kokote katika visiwa hivi haisomwi. Msichana wa Patsy hajawahi kwenda, lakini katazo la kumzuia hajaliona limeandikwa mahali. Nafasi ipo. Asipofika shule itakapofunguliwa, nafasi atapewa mwingine, na hakuna mwaka wa pili wa kujaribu. Zaliha alikuwa nyuma ya pazia, nami nilikuwa miguuni pake, na niliona vidole vyake vya miguu vikikunjwa na kukunjuliwa.

Kwetu neno la mwisho juu ya mtoto wa dada ni la mjomba. Baba alijipepea kwa kipepeo cha ukili, akamwachia Mjomba Hamidu. Huyu alikuwa mpakuzi wa shehena pale ufukweni Mutsamudu, mtu mwenye mabega ya kubeba gunia la karafuu huku na huku, na asiyependa kuzungushwa. Akasema, "Sayansi sina ugomvi nayo, mwalimu. Akiijua itatufaa. Mimi nauliza jambo moja. Usiku mlango ukifungwa, ndani ya nyumba hiyo atabaki nani?" Bi Voahangy akasema kuna bweni. "Bweni la wavulana," akasema mjomba. Mwalimu akakiri. "Tuna ndugu Moroni?" mjomba akatuuliza, ingawa jibu alilijua. Hatukuwa na ndugu katika kisiwa chote cha Ngazidja hata wa kumtupia salamu. Na msichana aliyekwisha kuvunja ungo hapaswi kulala nyumba yenye wanaume wanaoweza kumwoa. Hilo halikuwa la kujadiliwa, na sitakaa hapa leo nijifanye kwamba nilikuwa na maoni mengine.

Aliyetuokoa, au aliyetutia kwenye taabu, chagua mwenyewe, alikuwa Koko. Alikuwa akitafuna tambuu pembeni, na bila kumtazama mtu akasema, "Mbona Moroni ana mama?" Tukageuka wote. Koko akaeleza kwamba zamani palikuwa na mwanamke wa Moroni hapa Patsy, Bi Eshata, ambaye mumewe aliendesha lori la kampuni. Mama yetu alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakakauka, na Bi Eshata, aliyekuwa amefiwa na mtoto mchanga wa kiume, akamchukua Zaliha na kumnyonyesha hadi mama alipopata nafuu. Sasa kwa dini yetu, msomaji anajua, mwanamke aliyekunyonyesha ni mama yako, na wanawe ni ndugu zako, hamwezi kuoana, unakaa nao kichwa wazi kama uliozaliwa nao. Mjomba hakumwamini mama yake hivi hivi tu. Alikwenda kwa fundi, maana kwetu mwalimu wa dini huitwa fundi, na fundi akauliza kama mtoto alinyonya na kushiba, zaidi ya zile mara tano za sheria. Koko akajibu kwamba alinyonya mpaka akanenepa. Basi ikawa halali. Mama alilia, baba akachinja kuku, na Bi Eshata akapelekewa habari kwamba mwanawe anakuja. Naye akajibu, kwa mdomo wa nahodha mmoja, kwamba aje hata leo.

Mimi niliongezwa kwenye safari kwa sababu ya Koko. Alisema msichana asisafiri na mwanamume peke yao, hata akiwa mjomba, na kwamba nitamliwaza dada yangu njiani kisha nirudi na mjomba kwa boti ile ile. Sikumliwaza mtu. Nilitapika tangu Mutsamudu ilipopotea machoni mpaka mlima wa Ngazidja ulipojitokeza, nikamtapikia mjomba mapajani, naye akasema tu, "Toa yote, usibakize ya kurudia." Moroni boti ilitia nanga mbali, tukashushwa kwa mashua ndogo mpaka bandari ya zamani, na jambo la kwanza lililonishangaza ni weusi wa mawe. Kila kitu kilikuwa cheusi, kuta, ngazi, ufuo wenyewe, kama nchi iliyotoka jikoni. Watoto walitusalimia kwa lugha yetu ambayo haikuwa yetu, nikaelewa nusu, na walipocheka shiromani, nguo zetu nyekundu za kujifunika za kishamba, nikaelewa nusu iliyobaki.

Nyumba ya Bi Eshata ilikuwa katika vichochoro vya mji wa kale, ndogo, ya mawe, yenye baraza nje na ua nyuma. Mwenyewe alikuwa mnene, uso umepakwa liwa, na ndani ya nyumba yake mlinuka udi na samaki wa kukaanga. Tukampa kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa, naye akaitikia, akatukalisha, akamletea mjomba kahawa. Kisha akamvuta Zaliha karibu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua papai. Akamwachia kidevu. Halafu akasema, "Msichana mzuri. Lakini siye."

Mjomba akauliza siye nani.

"Siye niliyemnyonyesha. Huyu namkumbuka vizuri, alikuwa na meno mdomoni. Alikuwa akinivuta nguo akitaka mkate, na nisipompa ananing'ata. Niliyemnyonyesha ni mchanga wa wakati ule, mdogo wake." Akaniangalia mimi. "Wewe, njoo." Nikaenda. Akalifunua sikio langu la kushoto, akatazama nyuma yake, akaniona alama nyeusi niliyozaliwa nayo, ambayo mimi mwenyewe sijapata kuiona. Akashusha pumzi. "Huyu hapa. Huyu ndiye mwanangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama alishikwa na homa kila alipojifungua, na kwa Zaliha aliyenyonyesha alikuwa mama mdogo wa hapo hapo Patsy. Koko alikuwa na wajukuu wengi kuliko meno, akawachanganya. Kosa kama hilo kwingine ni la kucheka. Kwetu lilikuwa linafunga mlango, kwa sababu maziwa hayaendi kwa dada. Aliyenyonya ndiye mwana, na nduguye ni mgeni kama wageni wengine, anayeweza kuposwa na wana wa nyumba ile kesho. Na wana walikuwepo, watatu, wanaume wazima wenye ndevu. Mjomba akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Basi, Bi Eshata, tunakushukuru kwa kahawa. Boti inarudi keshokutwa." Zaliha alikuwa amekalia sanduku lake la mbao, hajalifungua. Alitazama sakafu vile vile alivyokuwa akitazama mwisho wa bomba, kama mtu anayesubiri kitu kijitenge.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo Bi Eshata alipofanya jambo ambalo nimelisimulia maisha yangu yote na sichoki. Alimwambia mjomba, "Kaa. Hujamaliza kikombe. Unajua mimi nimezaa nini? Wanaume watupu. Nyumba kwetu ni ya mwanamke. Nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake, na mimi sina wa kumpa ufunguo. Leo unaniletea binti yangu mpaka mlangoni, halafu unataka kumrudisha kwa boti?"

"Mdogo ni wako, sibishi," mjomba akasema. "Mkubwa je?"

"Mkubwa ni mgeni wa binti yangu. Hii ni nyumba ya binti yangu, na dada yake amekuja kukaa kwake. Kwenu Dzuani dada hawatembeleani?"

"Na wanao?"

"Wanangu?" Bi Eshata akaonekana kweli hakuelewa. "Tangu lini mwanamume mwenye ndevu akalala kwa mama yake? Wana kibanda chao kule mwisho wa kichochoro, tangu sauti zilipoanza kukwaruza. Humu huja kula tu. Na kuanzia leo watakula barazani." Akapaza sauti kuelekea nje, ambako mkubwa wao, Ibrahimu, alikuwa akisubiri samaki. "Umesikia?"

Ibrahimu akaitikia kutoka nje, "Nimesikia, mama. Kwa hiyo nitakula mlangoni kama kuku, kwa sababu ya hesabu za mtu mwingine?"

"Kuku hutaga. Wewe unatupa nini?"

Mjomba hakucheka. Alisema yeye si mwanachuoni, akavaa kofia yake, akaenda msikitini kumtafuta fundi wa huko. Hakurudi mpaka baada ya alasiri. Mchana ule ulikuwa mrefu, sijui niuelezeje. Samaki walipoa. Zaliha hakula. Bi Eshata alisuka nywele zangu akinung'unika kwamba Patsy hawajui kusuka, na kila hatua za mtu ziliposikika kichochoroni mikono yake ilisimama kichwani mwangu. Ndipo nikajua kwamba hata yeye anaogopa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kukaa kwake. Nilivuta pumzi. Kichwa hakiniumi. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba tangu tulipoingia humo hapakuwa na harufu ya mlangilangi, na kichwa changu kilikuwa kimetulia kama cha watu wengine. Nikamwuliza kama samaki wanapikwa kila siku. Akasema kila siku, kutoka Itsandra, wabichi. Nikasema nitakaa.

Mjomba alirudi, akavua viatu, akaketi, akaomba maji. Akanywa yote. Akafuta midomo. Kisha akamtazama Zaliha, akasema kwa ule ukali wake wa bandarini, "Mbona hujafungua hilo sanduku? Nguo zitakunjamana."

Zaliha aliteremka kutoka kwenye sanduku mpaka sakafuni, akaliegemea, nami nikamfungulia komeo. Baadaye mjomba alitueleza kwamba fundi alimwambia maziwa hayasogei pembeni, hilo ni kweli, ila mlango unafungwa, wanaume wako nje, ndani kuna mwanamke mwenye heshima zake na mtoto wa nyumba. "Unatafuta nini zaidi, Mdzuani?" ndivyo alivyoulizwa, na nadhani jina hilo lilimwuma kuliko matapishi yangu. Kilichokuwa kinamsumbua sasa ni kingine. "Nilitumwa kuacha mmoja," akasema. "Dada yangu nitamwambia nini nikirudi bila wote wawili?" Bi Eshata akamjazia kikombe. "Mwambie mtoto amerudi kwa mama yake wa pili. Na mwambie aje atutembelee, arudi na mkungu wa ndizi."

Basi nakwambia bila haya, na ukitaka ubishe: nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mwenye nyumba Moroni. Dada yangu alisoma sayansi akikaa kwangu. Tulipogombana, naye alikuwa na mdomo, nilimkumbusha. Alikuwa akikalia kitabu chake kwenye ua, anachora maduara na herufi ndogo ndogo, nami nikimpitia na beseni namwambia, "Mgeni, inua miguu, mwenyewe anafagia." Yeye alikuwa msichana pekee darasani mwake na mtu wa shamba pekee, wakamwuliza kama Patsy watu wanavaa viatu, na mara kadhaa alirudi amevimba macho. Bi Eshata hakujua kusoma hata jina lake, lakini alimwekea taa, alimwekea samaki, na jirani alipokuja kusema kwamba msichana mzima anasomea nini mambo ya wanaume, alimwambia, "Anasomea kwa nini dawa yako ya tumbo haikusaidii." Na Ibrahimu na nduguze walikula barazani miaka yote ile, mvua wakainama chini ya upenu, na hawakuvuka kizingiti bila kukohoa. Hakuna aliyewaandikia cheti, wanaume wale, nami nasema walistahili.

Mimi pia nilitiwa shule. Niliingia, nikatazama, nikatoka. Wengine wameumbwa kwa madaftari na wengine kwa soko, na sikumwachia mtu kazi ya kunionea huruma. Nilianza na vitumbua vya Bi Eshata, nikahamia kwenye khanga, nikafika Unguja na Dar es Salaam kuzifuata, huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachokiandika, na kila jiwe la ghorofa iliyopanda juu ya nyumba ile nimeliweka mimi. Bi Eshata alipofariki, ni wanawe wenyewe walioniletea ufunguo. Zaliha alimaliza Moroni, akaenda Bukini akaongeza, akarudi, akafanya kazi katika maabara ya hospitali mpaka alipostaafu. Habari za kufaulu kwake zilipofika Patsy, Koko, aliyekuwa na wakati wa kutosha kulifikiria kosa lake, alisema, "Mnadhani kwa nini nilisema mdogo naye aende?" Tukamwacha nalo. Alikufa akiamini.

Siku hizi wasichana huja Moroni na simu mkononi, wanapanga vyumba, na hakuna anayeuliza nani kamnyonyesha nani. Vizuri. Sitaki zile enzi zirudi. Palikuwa na wenzake Zaliha pale barazani kwa Bi Voahangy, wenye akili kama yake, ambao hawakuwa na Bi Eshata yeyote wa kuitwa mama yao kwa kosa, wakabaki wanachuma maua, na mmoja wao bado anachuma. Kwa hiyo vyumba vya juu sivipangishi kwa wafanyabiashara, ingawa wananisumbua. Wanakaa wasichana wanaosoma sayansi, wa Patsy, wa kisiwa cha Mwali, wa vijiji vya ndani, na Alhamisi Zaliha anapanda ngazi kwa magoti yake mabovu kuwafundisha, na anawaagiza yai. Juzi alifika mmoja na baba yake. Baba alisimama mlangoni, mtu wa shamba, mikono inanuka mlangilangi mpaka kichwa kikaanza kuniuma, akaniuliza kwa heshima zote usiku mlango ukifungwa ndani anabaki nani. Nikamjibu ninabaki mimi. Akaitikia kwa kichwa. Binti yake alikuwa ameketi juu ya begi lake, hajaigusa zipu. Nikamwambia alifungue, nguo zitakunjamana.